Madawati ya Kusikilizia: Shule ya Maabara ya Chicago

Mwanafalsafa John Dewey aliwahi kuzunguka katika maduka ya vifaa vya shule mjini Chicago akitafuta madawati na viti vitakavyowafaa watoto, asivipate. Muuzaji mmoja, ambaye Dewey alimwona ana akili kuliko wenzake, alimweleza kwamba huenda hawana anachokitafuta, kwa sababu yeye anataka mahali ambapo watoto watafanyia kazi, ilhali vyote vilivyomo dukani vimetengenezwa kwa ajili ya kusikiliza. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe mwaka 1899 mbele ya wazazi wa shule aliyoianzisha. Nami ni mwalimu, na tangu nilipokisoma siingii katika darasa geni bila kuyatazama kwanza madawati yake.

Shule yenyewe ipo hadi leo. Ni Shule ya Maabara ya Chuo Kikuu cha Chicago, ambayo watu wake huiita Lab, nayo ni shule ya binafsi ya kutwa, isiyo na bweni, inayompokea mtoto akiwa chekechea na kumwachia anapomaliza sekondari. Dewey alifika katika chuo hicho mwaka 1894 kuongoza idara ya falsafa, ambayo wakati huo ilibeba pia saikolojia na elimu, na hoja yake kwa wakuu wa chuo ilikuwa nyepesi kueleweka: mwanafizikia ana maabara ya kupimia mawazo yake, basi anayechunguza jinsi mtoto anavyojifunza naye apewe mahali pa kuyapima ya kwake. Januari 1896 shule ilifunguliwa ikiwa na watoto 16 na walimu wawili. Jina la maabara linatajwa kuwa ni wazo la Ella Flagg Young, mwalimu mwenye uzoefu mkubwa aliyefanya kazi karibu sana na Dewey, na ambaye mwaka 1909 alikabidhiwa uongozi wa shule zote za umma za Chicago.

Kilichopimwa hapo ni iwapo kazi ya mikono, yaani kupika, kushona, kufuma na useremala, inaweza kuwa mlango wa kuingilia sayansi na historia, badala ya kuwa kipindi cha kupumzisha akili baada ya masomo yanayohesabiwa kuwa ya maana. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa pamba na sufu. Watoto walipewa pamba ikiwa bado na mbegu zake, pamoja na sufu kama inavyotoka mgongoni mwa kondoo, wakaambiwa waifanyie kazi. Kundi moja lilichambua pamba kwa vidole kwa muda wa dakika 30, likapata chini ya aunsi moja ya nyuzi, yaani chini ya gramu 30. Hapo ndipo walipoelewa, bila kuhubiriwa na mtu, kwa nini watu wa zamani walivaa sufu zaidi kuliko pamba. Kisha walizilinganisha nyuzi zenyewe, wakaona kwamba za pamba ni fupi na laini, zinateleza, wakati za sufu ni ndefu na zina ukwaru unaozifanya zishikane, na kwa hiyo zinasokoteka kwa urahisi. Kutoka hapo walibuni upya kifaa cha kuchania sufu, wakafuata hatua kwa hatua jinsi uzi unavyosokotwa na nguo inavyofumwa, hadi wakafika kwenye viwanda.

Ningemwomba kila mwalimu asome tena dakika 30 zile. Mtoto ambaye vidole vyake vimechoka kwa kutoa mbegu hahitaji sentensi ndefu kumweleza kwa nini mashine ya kuchambua pamba, iliyobuniwa mwaka 1793, ilibadili maisha ya watu wengi kiasi kile, kwa wema na kwa ubaya. Anaijua thamani yake mkononi kabla hajaijua kichwani.

Jikoni mambo yalikwenda vivyo hivyo. Watoto waliokuwa wakijifunza kupika mayai hawakupewa maelekezo ya kuyafuata kama amri. Walipima joto la maji yanapoanza kutoa mvuke, yanapochemka polepole na yanapotokota, wakaangalia katika kila hatua ute wa yai unafanya nini. Kwa kazi hiyo moja walikuwa wanafanya kemia.

Haikuwa rahisi kuiendesha shule ya namna hiyo. Ilihitaji walimu wengi kwa watoto wachache, na walimu wenyewe walipaswa kujua mambo mengi kuliko yule anayefuata kitabu ukurasa kwa ukurasa. Mwaka 1901 shule ya Francis W. Parker, mwalimu mwingine mashuhuri wa enzi hiyo, iliingizwa chini ya chuo kikuu, na muungano uliofuata ukaleta mivutano ya madaraka, mmojawapo kuhusu nafasi ya Alice Dewey, mkewe John, aliyekuwa mwalimu mkuu. Mwaka 1904 Dewey alijiuzulu na kwenda Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York. Mwanzilishi aliondoka baada ya miaka minane tu, lakini shule haikufa.

Leo Lab ina wanafunzi wapatao 2,000, na wengi wao ni watoto wa watu wanaofanya kazi katika chuo kikuu. Wadogo kabisa wana jengo lao, Earl Shapiro Hall, lililofunguliwa mwaka 2013. Sanaa zilipata jengo lake mwaka 2015, nalo likapewa jina la mpigapicha Gordon Parks. Sekondari ina gazeti lake, U-High Midway, linaloandikwa na wanafunzi wenyewe. Sitaficha linalonisumbua: ada ni kubwa mno, na ingawa shule hutoa misaada, wazo lililozaliwa ili lizifae shule zote limekua zaidi katika shule ambayo wazazi wengi hawawezi kuimudu. Hata hivyo Dewey hakukusudia shule hiyo inakiliwe ilivyo. Kazi ya maabara ni kuonyesha linalowezekana, na kuchambua pamba kwa vidole hakuhitaji ada ya Chicago.

Katika miaka ile ya mwanzo, wanafunzi wa umri wa miaka 13 hivi walikuwa na vilabu vyao lakini hawakuwa na mahali pa kukutania, wakaamua kujijengea nyumba. Walichora ramani, wakapiga hesabu za gharama na kushika nyundo, na kazi ilipowazidi wakaomba msaada wa madarasa mengine. Siku hizi wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari wana mpango unaoitwa Mradi wa Mei, ambao unamruhusu mwanafunzi kuacha vipindi vyake vya kawaida katika wiki za mwisho ili afanye kazi aliyoichagua mwenyewe, iwe ya utafiti, ya sanaa au ya kujitolea. Mwezi huo madawati yake hubaki matupu, na yeye yuko mahali pengine, anafanya kazi.