Alama za makaa ukutani

Siku nilipompelekea mwalimu anayenisimamia mpango wa memwari yangu, yaani tasnifu ya chuo, alisoma kurasa mbili, akavua miwani, akaniuliza: "Madamu, hii ni usimamizi, ni sheria ao ni kemia?" Nikamwambia ni yote matatu. Akavaa miwani tena. "Basi utapata juri ya watu watatu, na kila mmoja atasema kazi ni ya mwenzake."

Ndivyo ilivyokuwa, lakini hilo si la leo.

Mimi ni asistenti wa usimamizi hapa Lubumbashi, mtoto wa Katuba, na kwa miaka miwili nimekuwa nikifuatilia jambo moja: habari ya mazingira inatoka wapi, inapita kwa nani, inakwama wapi. Kiwanda cha shaba na kobalti kinajua kinachomwaga. Serikali inapaswa kujua. Mama anayechota maji chini ya mteremko, yeye anajua nini, na amejuaje?

Mwaka 1970 mchumi Mmarekani, George Akerlof, aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika: muuzaji anajua kasoro ya gari, mnunuzi haijui, na kwa sababu hiyo soko zima linaharibika. Mwaka 2001 alipata Nobel. Nikifundisha jambo hili nawaambia wanafunzi wafikirie zile gari za usukani wa kulia zinazotoka Japani, zinashukia Dar es Salaam, zinaingilia mpakani Kasumbalesa. Kila darasa lina mtu ambaye mjomba wake aliuziwa moja yenye injini ya kufa, kwa hiyo somo linaeleweka upesi. Tofauti ni kwamba gari ukilishuku unaondoka zako. Kisima kilicho ndani ya parseli yako, kiwanja chako mwenyewe, unakiacha unakwenda wapi?

Kwenye karatasi tumejaliwa. Katiba ya Kongo ya 18 Februari 2006 inasema, kifungu cha 24, kwamba kila mtu ana haki ya kupata habari, na kifungu cha 53 kinampa haki ya mazingira safi. Sheria ya mazingira ya 9 Julai 2011 inazikutanisha haki hizo mbili. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inadai uchunguzi wa athari kabla ya kazi kuanza, inaitaka kampuni itenge angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na 15% ya mrabaha, yale malipo ya kampuni kwa serikali kwa madini inayochimba, iende kwa komini (ya mjini) au sekta (ya vijijini) ambako madini yanachimbwa. Mtu wa sheria katika juri yangu aliupenda sana ukurasa huu. Ndio ukurasa pekee ambao sikutoka nyumbani ili kuuandika.

Nilichokitafuta kilikuwa kidogo: uchunguzi wa athari wa kiwanda kimoja pembeni mwa mji, ambacho sitakitaja. Biro ya kwanza walinituma ya pili. Ya pili walitaka barua yenye muhuri wa chuo. Nilipoileta walitaka nakala mbili. Mwezi ukapita. Safari ya tano, papa mmoja, mzee mpole mwenye koti la suti na kandambili alinionyesha kabati la chuma la kijivu, akaligonga kwa kiganja. "Dosye yako iko humu, binti yangu. Mwenye funguo yuko matangani, Likasi."

Nilimngoja mwenye funguo siku tisa. Alipokuja alifungua, akatoa vitabu vitatu vyenye jalada la plastiki, akaviweka mezani, lakini mkono hakuuondoa juu yake. Kusoma, ndiyo. Kupiga picha, hapana. Kwa nini? "Ni ya serikali." Nikatoa simu nikamsomea sheria ya 2011, pale inaposema kila mtu ana haki ya kupata habari za mazingira. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema: "Madamu, nikikupa hii leo, kesho nani atakuja kuniuliza kitu?"

Niliandika maneno yake kwenye daftari kabla sijafungua hata kitabu kimoja, na mpaka leo naona ndiyo matokeo bora ya utafiti wangu wote. Nilikwenda pale kichwa kimejaa dhana za hongo, siri za kampuni, mkono wa Kinshasa. Huenda vyote vipo. Niliyemwona mimi ni mtu anayepata mshahara kwa kubahatisha, ambaye heshima yake yote ni kujua kilichomo ndani ya kabati. Karatasi zikitoka, naye anatoka. Unaweza kuamuru kila dosye ichapishwe, lakini kama hukujiuliza huyu mwenye funguo atabaki na kazi gani, funguo zitaendelea kwenda matangani. Niliandika hivyo kwenye memwari, mtu wa sheria akakunja uso.

Nilisoma saa tatu. Kifaransa kizito, jedwali juu ya jedwali. Kuhusu visima vya jirani nilikuta aya moja, na ndani yake sentensi kwamba wakazi wamejulishwa.

Nikaenda kuwatafuta hao waliojulishwa.

Mama aliyenipokea anauza lengalenga na matembele kando ya njia, na kisima chake kiko nyuma ya jiko, kimezungushiwa tairi la lori. Alinipa kigoda, akaendelea kufunga mafungu ya mboga kwa nyuzi za gunia. Kujulishwa? Alikumbuka watu waliokuja na jile (vizibao vya kazi) za rangi ya machungwa, wakagawa kofia na soda, wakachukua sahihi. Basi. Kisha akaniita nikatazame ukuta wa jiko. Ni matofali mabichi, hayajapakwa kitu, na juu yake kuna mistari ya makaa: mifupi, ya wima, imesongamana kwa mafungu, halafu nafasi tupu, halafu fungu lingine. Hapa na pale kiduara.

"Siku yenye maji iko na ladha ya feranga, minaweka musitari," aliniambia, yaani ladha ya sarafu. "Ile siku sitaki batoto bakunywe. Banaenda kuchota kule yulu." Na viduara? "Ni Noeli." Alianza mtoto wake wa nne alipougua tumbo, bado akiwa wa kubebwa mgongoni. Sasa mtoto huyo yuko mwaka wa nne primeri.

"Shiye tunakunywaka, beye banaandikaka," alisema, yaani sisi tunakunywa, wao wanaandika; akautazama ukuta wake, akacheka mwenyewe.

Nilihesabu mistari 143. Kila mwaka fungu nene lilianguka kabla ya kiduara, yaani mvua za kwanza. Nilirudi mjini siku hiyo nikiwa tayari kushtaki dunia nzima.

Rafiki yangu wa kemia ndiye aliyenipoza. Akanieleza polepole kama mtu anayemlisha mtoto uji. Madini yetu ya oksidi huyeyushwa kwa asidi ya salfa, na maji yanayobaki yanapaswa kutiwa chokaa ili metali zitulie chini kabla hayajaachiliwa. Hapo kosa linaweza kuwepo. Lakini vumbi la kiangazi nalo lina shaba na kobalti, linalala juu ya mabati na barabara tangu Mei, na mvua za kwanza zinaliosha lote kwa siku chache. Tena visima vya huku vina asidi kidogo kwa asili yake. Kwa hiyo kile kikaratasi cha pH, cha kupimia asidi, nilichokichovya kwenye ndoo ya mama, kikageuka rangi, nikakipiga picha kwa mbwembwe, hakithibitishi kitu. "Mistari ya mama inakwambia lini uje na chupa," alisema. "Haikwambii nani."

Vipimo vya kweli vipo, ila havijawahi kufika kwenye mteremko ule. Mwaka 2009 watafiti wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga, na waliokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi kupita kiasi ukiwalinganisha na wa mbali. Wanakilimo wa UNILU wamepima udongo na mboga za mjini. Pale Penga Penga, mtaa wa hapa Lubumbashi, walipanda nyasi zinazovumilia shaba, ili zishike ardhi iliyobaki uchi baada ya miaka na miaka ya moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichoanza 1911, moshi ambao upepo wa kusini-mashariki uliusukuma upande huo huo siku zote. Ni kazi nzuri. Nyingi iko kwa Kiingereza, na mama wa lengalenga, ambaye ni muuza mboga na mnywaji wa maji kwa wakati mmoja, hajasikia hata sentensi yake moja.

Agosti nilirudi kupiga picha ya ukuta mzima. Mara ya kwanza simu ilinizimikia, umeme ulikuwa umekatika siku mbili. Nikakuta jiko limepakwa chokaa, jeupe pee. Wakwe walikuwa wamekuja na mahari ya binti mkubwa, na huwezi kuwapokea wakwe na ukuta wenye makaa. Nilisimama pale nikiona sura ya nne ya memwari inayeyuka.

Mama hakushtuka. Alimwita yule wa mwaka wa nne, akaja na daftari lake la hesabu. Kurasa za mwisho zilijaa mistari, alikuwa ameinakili yote kabla ya chokaa, kwa bik ya buluu, hata viduara vya Noeli. Tuliketi tukahesabu pamoja. Ilikuja 137.

Nimeandika 137, na tanbihi kwamba sita zimepotea. Mama anakataa tanbihi hiyo. Anasema mtoto wake anajua hesabu, ni mimi niliyehesabu vibaya.