Safari ya kwenda kwa Baba Nega

Rubani alipotangaza kwamba tunatua uwanja wa Alula Aba Nega, Mekelle, nilimshika mume wangu mkono. Tuliposoma Tanzania, vita ya Adwa, ambapo Ethiopia iliwashinda Waitalia mwaka 1896, ilikuwa ya Mfalme Menelik peke yake. Ras Alula, mkuu wa vita aliyepigana humo pia, nilikuja kumjua ukubwani, na tangu hapo nikawa na hamu ya kufika alikozikwa. Nega ni farasi wake. Wakuu wa vita wa Ethiopia waliitwa kwa majina ya farasi wao, naye akawa baba wa Nega.

Alfajiri tulipanda basi dogo la Adwa, tukashika njia ya Hagere Selam na Abi Addi. Kona juu ya kona, na kila mteremko una kuta za mawe zilizopangwa kwa mkono ili udongo usichukuliwe na mvua. Hiyo ndiyo Tembien, alikozaliwa, mtoto wa mkulima asiye na ukoo wa kumbeba. Alianza kwa kutumikia majumba ya wakubwa, mpaka akawa mtu ambaye Mfalme Yohannes wa Nne alimsikiliza kuliko mabwana wengi wa damu ya kifalme. Wamisri walipopigwa Gundet mwaka 1875 na Gura mwaka 1876, mfalme alimpa cheo kikubwa cha ras na kumkabidhi nchi ya ng'ambo ya mto Mereb, ambayo leo ni Eritrea. Makao yake akayaweka Asmara.

Mwaka 1884 Waingereza walitia saini mkataba na Yohannes hapo Adwa: Ethiopia iwaokoe askari wa Misri waliozingirwa na jeshi la Mahdi, kiongozi wa waasi wa Sudan, nayo iachiwe bidhaa zake kupita bandari ya Massawa. Alula alitimiza ahadi. Mwaka uliofuata Waitalia wakaichukua Massawa, Waingereza wakiridhia. Kila nikikumbuka jambo hilo naumia. Tarehe 26 Januari 1887, huko Dogali, Alula alikizingira kikosi cha Waitalia kama 500, na wachache tu wakasalimika. Mbele ya stesheni kuu ya Rome kuna uwanja unaoitwa kwa hesabu yao, Mia Tano.

Yohannes alikufa kwa majeraha ya vita ya Metemma, akipigana na wafuasi wa Mahdi, mwaka 1889. Alula, aliyekuwa hana tena mfalme wake, bado alisimama na Menelik hapa Adwa tarehe 1 Machi 1896. Februari 1897 naye akafa kwa jeraha alilolipata akipigana na mkuu mwenzake wa Tembien. Risasi za Waitalia zilimkosa miaka yote hiyo!

Kaburi lake liko katika monasteri ya Abba Garima, nje kidogo ya mji, na wanawake hawaingii. Nililijua hilo tangu nyumbani. Mume wangu akaingia, mimi nikakaribishwa na mama mmoja aliyekuwa akikaanga kahawa karibu na njia. Akatandika majani mabichi, akatia ubani kwenye chetezo, akanipa bisi. Kikombe cha tatu wanakiita bereka, na hapo sikuhitaji mkalimani.

Nilikuwa nakinywa hicho mume wangu aliporudi, magoti yamejaa vumbi. Alisema amelitaja jina langu pale kaburini. Mama akamsogezea kigoda.