Kutoka Ganda hadi Kaloleni, boma kwa boma za wagema

Mimi ni mtoto wa Malindi na kazi yangu ni kuhudumu kwenye mkahawa wa Kiitaliano, kwa hivyo kila jioni nafungua chupa za waini na kuskiza wageni wakihadithia vile walivyozunguka mashamba ya Chianti, leo kwa huyu kesho kwa yule, wanapokewa na wenyewe, babu na baba na watoto, wanaonjeshwa, wanaelezwa zabibu za Sangiovese zinachumwa lini na zinakaa wapi. Kuna familia ya Antinori huko Florence iko kwenye hiyo kazi tangu mwaka 1385, na mgeni akilitaja hilo jina unamuona kabisa analitaja kwa heshima. Basi nkawa najiuliza, na sisi huku si tuna familia zetu, baba kafunzwa na babake na sasa anamfunza mwanawe, mbona sijawahi kuskia mtu amefunga safari kwenda kuwaona wagema? Mnazi, ile pombe ya utomvu wa mti wa mnazi, tunaujua wa mangwe tu, vile vilabu vya mtaani, umeletwa kwa mtungi, hujui umetoka mti gani wala mkono wa nani.

Nkaomba ofu, nkamchukua rafiki yangu wa Shela. Yeye ni Muislamu, pombe hagusi, lakini mamake anatengeneza achari ya kuuza na alikuwa anatafuta siki ya mnazi ya kweli, sio ile ya dukani.

Tulianza na Ganda kwa vile ni karibu, bodaboda mbili alfajiri, njia ile ya kwenda Kakuyuni na Jilore. Alfajiri ni lazima, kwa sababu mgema anapanda asubuhi na jioni na wengine hata mchana wanapanda tena, na ukichelewa unakuta kazi imeisha. Mzee tuliyempata tayari alikuwa amejifunga kotama, kisu cha kugemea, kiunoni. Nkamsalimia, nkamwambia baba tumekuja kuangalia kazi, akatutazama sana kisha akauliza, "Kuangalia tu? Hamnunui?" Tukamwambia tutanunua pia. Akacheka, akaanza kupanda.

Minazi yetu ya huku ni ile mirefu, inafika mita 20 na zaidi, na imekatwa vidato kwenye shina, mguu huku mguu huku, yule mzee hana kamba hana chochote na anapanda anaongea. Juu kule anashughulika na karara, lile ganda linalofunika maua ya mnazi, ambalo halijapasuka. Analifunga kamba kuanzia chini hadi karibu na ncha ili maua yasifunguke, kila siku analiinamisha kidogo kidogo mpaka lielekee chini, halafu ncha anaikata kipande chembamba sana na kotama. Utomvu unadondoka kwenye kibuyu tone kwa tone, na kila akipanda anakata tena kidogo, kwa sababu ile sehemu ya jana imeshaziba. Alinishukia na hicho kipande alichokata nikione, ni chembamba kama ganda la kitunguu, unaona mwangaza upande wa pili. Akasema ukikata nene unalimaliza karara mapema, na ukikata nyembamba mno tone halitoki, na hapo katikati hapafundishwi kwa mdomo, mtoto anapanda na babake anaangalia mkono.

Kibuyu kilivyoshuka kilikuwa na povu na nyuki kadhaa wamekufa ndani, akachuja, akanimiminia. Jamani. Mtamu, mwepesi, unachezacheza ulimi kama soda na una harufu ya maua. Na tayari ulikuwa umeanza kuchachuka, kwa sababu hamira ya mnazi haitiwi na mtu, iko hewani na kwenye kibuyu chenyewe, utomvu ukidondoka tu kazi imeanza. Mzee kibuyu chake hakisuguliwi kikang'aa, kinasuuzwa tu, kile kilichobaki ndani ndicho kinachouanzisha wa leo. Nilimuuliza kama wa jirani yake una ladha hii hii akasema hapana, hata miti yake mwenyewe hailingani, ule wa karibu na kisima unatoa mwingi lakini mwepesi, ule wa kule kwenye mchanga unatoa kidogo na ni mtamu zaidi. Nkaonja yote miwili. Ni kweli kabisa! Mtu wa Chianti angekaa hapo angeandika daftari zima.

Kitu kingine alichotueleza ni hesabu ya mti. Mnazi unaogemwa hauzai nazi, maana lile karara ndilo lingekuwa nazi, kwa hivyo mwenye shamba lazima aamue. Nazi unaangua kila baada ya miezi kadhaa, pesa inakuja kwa mkupuo, mnazi unaleta pesa kila siku ya Mungu lakini unataka mtu wa kupanda kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Yeye baadhi ya miti anagema na mingine anaiacha izae, kisha baadaye anabadilisha.

Tukarudi barabarani, matatu ya Kilifi, kilomita kama 60, msitu wa Arabuko Sokoke upande wa kulia karibu nusu ya safari. Sina mengi ya kusema hapo, nililala. Kilifi tukapanda gari ya Kaloleni, inakata kona pale Mavueni inaingia Chonyi, na kutoka hapo ni vilima na minazi, vilima na minazi, mpaka unajua umefika kwenyewe.

Chonyi tulishuka kwa mama mmoja tuliyeelekezwa na dereva. Hapa wanaogema ni mumewe na wanawe wawili, lakini mauzo yote ni ya mama, na yeye ndiye ana siki. Mnazi ukilala siku mbili tatu unakuwa mkali wa kuchoma na hakuna anayeutaka, wengi wanamwaga, yeye hamwagi. Anautia kwenye mtungi mdomo mpana, anafunika kwa kitambaa chepesi ili hewa ipite na wadudu wasiingie, anauacha wiki kadhaa kwenye kivuli. Hewa ndiyo inayougeuza, ukifunga kifuniko kikaze hupati siki. Rafiki yangu alichovya kidole, akanyamaza, akachovya tena, kisha akapiga simu kwa mamake hapo hapo, wakaongea bei na yule mama moja kwa moja wanawake wawili hawajawahi kuonana, na walivyomaliza tayari wanaitana dada. Tulibeba madumu mawili. Huyu mama anastahili soko kubwa kuliko la majirani zake, nalisema kwa sauti.

Kaloleni tulifika jua limeanza kulala, na hapo ndipo mnazi wenyewe unaishi. Boma tuliloingia lina vizazi vitatu na wote wanaume wanapanda, ila babu sasa ameacha, magoti. Tulikaribishwa kwa mboko, kibuyu cha kunywea, na mrija, ule mrija wenye chujio la nyuzi mwishoni ili usivute takataka, na babu kabla hajanywa alimwaga kidogo chini kwa ajili ya koma, wazee waliotangulia. Hakutueleza na hatukuuliza. Mnazi wa jioni sio wa asubuhi, ule utamu umekwisha na umebaki ukali wake, unafika asilimia nne tano hivi za pombe, na wenyeji wanaupenda hivyo. Mimi bado ushindi nampa mzee wa Ganda na mnazi wake wa asubuhi, lakini huu ndio wa kukalia na kuongea.

Babu alitwambia huwezi kuposa Kigiriama bila mnazi. Kadzama, yaani mnazi wa kupelekea wazee, haijafika, hayo maneno hayajaanza, unaweza kuja na gari la pesa na bado wazee wakakaa kimya wanakutazama. Kesi za ardhi hivyo hivyo, aliyekosa analipa mnazi na wote wanakunywa pamoja. Sasa kitu kama hicho, ambacho ndoa na amani ya watu vimesimamia juu yake, mbona kinauzwa kwa kuchungulia chungulia? Ile sheria ya pombe ya 2010, ya Mututho, mbunge aliyeipeleka bungeni, iliweka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi, na mimi naelewa ilikuwa inapigana na nini, watu wamekufa kwa pombe chafu, lakini mnazi saa kumi na moja jioni ushapita ubora wake, na mgema hana friji. Saa aliyowekewa ni ya bia. Mjukuu alisema yeye atagema hata iweje, wenzake wa shule wameenda Mombasa kuendesha pikipiki, na shamba la jirani minazi mizee imeangushwa kwa ajili ya mbao. Alisema bila hasira, mimi ndiye niliyekasirika.

Tulilala pale pale, na alfajiri nilimfuata huyo kijana mpaka chini ya mti wake wa kwanza. Nilipanda vidato kumi hivi vya chini, akanambia inatosha kaka, shuka.

Ukitaka kwenda, fika kabla jua halijapanda, nunua kwa mwenyewe na usimbanie bei, beba dumu lako na kifuniko usikikaze kwa sababu mnazi unafura njiani na litakupasukia. Mimi ofu ijayo ni Rabai na Ribe, rafiki yangu keshasema anakuja, mamake anataka madumu manne.