Nilivyonunua nyumba yangu ya kwanza Mombasa

Nilipoanza kutafuta nyumba ya kununua, nilishangazwa na bei ya nyumba moja ya Swahili kule Majengo, ambayo ilikuwa chini mno kuliko fleti yoyote niliyokuwa nimeoneshwa. Nilipomuuliza dalali sababu, mzee wa watu hakunificha. "Nyumba itakuwa yako, binti yangu, ila ardhi ina mwenyewe."

Utaratibu huu wa nyumba bila ardhi ni wa miaka mingi Mombasa. Mtu anamiliki kuta na paa, huku akimlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja kila mwezi, na akiuza, anauza jengo tu. Siubezi, kwani jamaa zangu kadhaa wamelea watoto na wajukuu katika nyumba za namna hiyo. Lakini mimi nilihitaji mkopo, na mkopeshaji wa nyumba hutaka hati miliki iwe dhamana. Jengo lililosimama juu ya ardhi ya mtu mwingine halina hati ya kumpa. Tangu siku hiyo nikawa naomba nakala ya hati kabla ya kwenda kuitazama nyumba yenyewe, na madalali wengine hawakunipigia simu tena.

Nyumba iliyofuata ilikuwa na hati, lakini jina lililoandikwa humo lilikuwa la marehemu. Aliyekuwa akiiuza ni mmoja wa wanawe, ilhali dada zake hawakuwa wamekubali, na mirathi haikuwa imepelekwa kwa Kadhi wala mahakama nyingine yoyote. Mrithi mmoja hawezi kukuuzia haki za wenzake, hata awe mkubwa wao, kwa hiyo niliaga kwa heshima.

Hatimaye niliridhika na fleti huko Tudor. Wakili wangu alifanya upekuzi katika sajili ya ardhi ili kuthibitisha jina la mwenyewe na kuona kama pana rehani au zuio, akahakikisha kwamba fleti ina hati yake yenyewe kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2020 inayohusu majengo ya aina hiyo, kisha akadai ridhaa ya maandishi kutoka kwa mke wa muuzaji pamoja na cheti cha kaunti kinachoonesha kuwa hakuna deni la kodi ya ardhi.

Jengo nililikagua na fundi wakati wa masika, majira ambayo paa bovu halijifichi. Alitazama zaidi dari na nguzo, kwa kuwa hewa ya chumvi ya pwani huzitia kutu nondo zilizo ndani ya zege, nazo zikivimba hupasua zege lenyewe. Nami niliwauliza wapangaji habari za maji: ya mfereji huja siku gani, na ya kisima yana chumvi kiasi gani. Kwa maoni yangu, majibu yao yalikuwa na manufaa kuliko maelezo yote ya muuzaji.

Arbuni, asilimia 10 ya bei kama ilivyo desturi, niliitoa katika akiba yangu, na sehemu kubwa ya salio ikatoka kwa mkopo wa nyumba wa Sacco. Wanunuzi wengi husahau kwamba bei si gharama yote. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, yaani nyumba ya shilingi 3,500,000 hudai shilingi 140,000 zaidi, na fedha hizo hulipwa kabla ya uhamisho kusajiliwa. Ongeza ada ya wakili, ya mthamini na ya usajili. Fungu hili nililiweka katika akaunti ya peke yake, nikakataa kuligusa hata muuzaji alipoomba aongezewe arbuni.

Baada ya usajili, wakili alinishauri tufanye upekuzi mara ya pili. Ulionesha jina langu, na chini yake rehani ya Sacco, ambayo itabaki hapo mpaka nimalize deni.