Nilivyojifunza kufundisha kwa mikono na miguu

Nilikuwa na darasa la pili lililoandika "toto" kila nilipowasomea imla yenye neno "mtoto". Si mmoja wala wawili, karibu nusu ya darasa. Kugawa maneno katika silabi tulishafanya, kwa makofi, na makofi waliyapiga vizuri sana. Shida ni kwamba walipiga mawili tu: to, to. Ile "m" ya mwanzo ni silabi kamili ingawa haina irabu, na sikio la mtoto mdogo huipita kama haipo. Nilirudia, nikapaza sauti, nikaiandika ubaoni kwa chaki nyekundu. Kesho yake, "toto".

Siku moja, pasipo kupanga, niliweka kidole kwenye midomo iliyofumbwa, nikatoa sauti ya "m", ndipo nikapiga makofi mawili. Watoto wakaiga. M-to-to. Tukaendelea: m-ke-ka, m-pi-ra, m-ti. Tulipofika kwenye "mbuzi", msichana mmoja wa dawati la mbele akagoma kuweka kidole mdomoni. Akasema, "Mwalimu, hii m imeshikana na mwenzake." Alikuwa sahihi: mbu-zi, makofi mawili, hakuna kidole. Sikuwa nimefundisha tofauti hiyo. Aliigundua mwenyewe kwa sababu kidole kilimlazimu kusikiliza midomo yake. Imla ya wiki ile ilirudi na "m" zake karibu zote.

Nilifurahi kupita kiasi, na furaha ile ikanipoteza. Nikaanza kutungia kila kitu ishara. Kwa wiki moja niliwapa watoto ishara kama 20: za hesabu, za kusoma, za sayansi. Darasa lilichangamka, vicheko tele. Ijumaa nikawauliza kuhusu mzunguko wa maji. Walinichezea mfululizo mzima bila kukosea, mikono juu, kuzunguka, kuruka, kofi. Nikawauliza, "Sasa hapo mliporuka, maji yalikuwa yanafanya nini?" Kimya. Walikuwa wamekumbuka mchezo na kusahau maji.

Jioni ile nilikaa na daftari langu la maandalio nikazipitia ishara zote, moja baada ya nyingine, nikijiuliza: mkono huu unafanana na nini? Kuruka hakukufanana na chochote kinachotokea kwa maji. Kofi pia. Niliziweka kwa sababu zinapendeza. Ila kidole cha "m" kilikuwa kinaonyesha jambo linalotendeka kweli mdomoni. Nikafuta ishara zaidi ya nusu. Mzunguko wa maji tukaanza upya: viganja chini, vikitazama juu, vidole vikichezacheza huku mikono inapanda polepole, huo mvuke. Juu, vidole vinakusanyika na kubana ngumi, mvuke umepoa umekuwa matone. Kisha ngumi zinafunguka na vidole vinashuka, mvua. Na hakuna anayesogeza mkono bila kusema kwa maneno yake kinachotokea.

Baadaye niligundua kwamba watafiti walikuwa wamelichunguza jambo hili kwa undani. Manuela Macedonia na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba watu wazima waliojifunza maneno mapya pamoja na ishara zinazofanana na maana waliyakumbuka kuliko yale waliyojifunza na ishara zisizo na maana. Na mwaka 2008 Susan Wagner Cook, Zachary Mitchell na Susan Goldin-Meadow wa Marekani walichapisha utafiti wa watoto waliofundishwa hesabu. Walioelekezwa kutumia mikono wakati wa kujifunza walikuwa bado wanakumbuka wiki kadhaa baadaye kuliko walioelekezwa kutumia maneno peke yake.

Hesabu za utafiti ule ndizo zilizonigusa zaidi, kwa sababu kosa lake nimelisahihisha mara nyingi mno. Mpe mtoto 4 + 3 + 6 = __ + 6. Wengi huandika 13, kwa kuwa wameizoea alama ya sawasawa kama amri ya "toa jibu". Wengine hujumlisha kila wanachokiona, wakapata 19. Jibu ni 7. Unaweza kueleza hadi kengele ilie. Niliwafundisha kupitisha kiganja cha kushoto chini ya upande wa kushoto wote, kutulia kidogo kwenye alama, kisha kupitisha kiganja cha kulia chini ya upande wa kulia, wakisema, "Nataka upande huu ulingane na upande huu." Hakuna hila ya kupata jibu humo ndani. Ni mikono miwili tu, na mtoto anahisi kwamba kuna pande mbili. Kijana mmoja aliyekuwa akiandika 13 kwa ujasiri mkubwa alipitisha mkono wa kushoto, akaanza wa kulia, akasimama juu ya ile 6 ya mwisho, akaitazama kwa muda mrefu. Akafuta. Sikumwambia neno.

Herufi b na d zilinifunza jambo jingine. Kunja ngumi ya kushoto, kiganja kikikutazama, dole gumba limesimama: utaona b. Ngumi ya kulia hivyo hivyo: d. Kwa Kiswahili tuna bahati, neno "bado" linazipanga kwa zamu, b kwanza na d inafuata, kutoka kushoto kwenda kulia kama tunavyosoma. Mtoto akichanganyikiwa anainua ngumi zote mbili, anasema "bado", basi. Lakini mara ya kwanza nilisimama nikiwatazama, nikainua mkono wa kushoto, na nusu yao wakainua wa kulia, kama wanajitazama kwenye kioo. Nikawa nimewapa d mahali pa b. Tangu hapo, ishara yoyote inayotegemea kushoto na kulia naifundisha nikiwa nimewapa mgongo, uso ubaoni, mikono juu ya kichwa waione. Ni jambo dogo, lakini mwalimu akilisahau, atakuwa anapandikiza kosa analotaka kuling'oa.

Kuna masomo ambayo mikono peke yake haitoshi. Tunasema dunia inazunguka, na kitenzi hicho hicho kinabeba mambo mawili: kujizungusha kwenye mhimili wake kwa saa 24, na kulizunguka jua kwa takribani siku 365. Mtoto anasikia "inazunguka" mara mbili, anajaza jibu lolote. Tulitoka nje. Mmoja akasimama katikati akawa jua, mwingine akawa dunia, akajigeuza taratibu kuelekea mkono wake wa kushoto. Nikamwomba aseme anapoliona jua na linapompotea. "Linaingia kwa jicho la kushoto, linatokea la kulia!" Hilo ndilo macheo na machweo, nikamwambia, na wewe ndiye uliyegeuka, jua halijasogea. Kisha akaendelea kujigeuza huku akitembea kumzunguka mwenzake. Mizunguko mitatu minne tu, polepole, maana kizunguzungu si mzaha. Hadi leo nikiuliza swali hilo naona mabega yakigeuka kidogo kushoto kabla mkono haujanyooshwa.

Mwalimu wa chumba cha jirani alilalamikia kelele, na alikuwa na haki. Lakini lalamiko lake lilinisaidia. Nikaanza kuzipunguza ishara kwa makusudi: siku za kwanza mwili mzima, baadaye mikono juu ya dawati, kisha vidole tu, kisha tunafumba macho na kuiwaza ishara bila kusogea. Nilidhani zikipungua zitapotea. Hazikupotea. Kwenye jaribio la mwisho wa muhula niliona ngumi ndogo chini ya madawati na midomo ikisema "bado" bila sauti. Zamani ningewakemea wakae wima. Siku ile nilipita nikawaacha.

Nakubaliana kwa shida na wenzangu wanaowasimamisha watoto kuruka na kuimba katikati ya kipindi cha hesabu wakidai hiyo ndiyo mbinu ya kukumbuka. Kupumzisha mwili ni kuzuri, watoto wanahitaji. Ila kuruka kusikohusiana na somo hakulikumbushi somo. Nimelipima kosa hilo kwa maji yangu mwenyewe.

Mwaka huo nilikuwa na mtoto ambaye mkono wake mmoja haukuinuka. Kwa alama ya sawasawa alipaswa kupitisha viganja viwili, na mimi, kwa uzembe, sikuwa nimefikiria atafanyaje. Yeye aligeuza kichwa: macho yakapita upande wa kushoto wote, yakatulia, yakapita upande wa kulia. Wawili watatu waliokaa karibu naye wakaiga kichwa chake wakaacha mikono. Tangu hapo, kabla ya kuwapa ishara, nawauliza wao kwanza: "Hili tulionyesheje?" Mara nyingi wanachotoa kinakaa kichwani kuliko nilichoandaa.

Ndivyo tulivyopata ngazi ya siku. Walikuwa wanachanganya jana na kesho, na juzi ndiyo kabisa. Kijana mmoja akapendekeza tuchore mstari sakafuni kwa chaki. Unasimama kwenye leo. Hatua moja nyuma, jana. Mbili, juzi. Mbele kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo. Nasema sentensi, "Juzi tulisoma", nao wanarudi hatua mbili. "Keshokutwa tutapumzika", wanakwenda mbele mbili. Wakikosea wanagongana, na wanasahihishana wenyewe kabla sijafungua mdomo. Jana yule msichana wa "mbuzi" alifika kwenye mtondogoo, akatazama sakafu tupu mbele yake, akaniuliza hatua inayofuata inaitwaje. Nikamwambia hapo tunahesabu tu siku. Akaruka moja zaidi, akasema, "Siku tano."