Harusi iliyomeza mwisho wa picha

Jana nimelala saa nane usiku kisa mkanda wa VHS. Yaani mtu mzima, nina watoto wawili, asubuhi kazini, nimekaa chini kwenye zulia naangalia chenga za mwaka 97 na machozi yananilengalenga. Mke wangu kapita kwenda jikoni kunywa maji, kaangalia TV, kaniangalia mimi, karudi kulala bila kusema neno. Ngoja niandike kabla sijasahau, maana ni hadithi ndefu kidogo.

Nyumbani tulikuwa na deki. Kwa mtaa wetu wa Magomeni hiyo ilikuwa habari kubwa, Jumapili mchana sebule inajaa watoto mpaka mlangoni, viatu vimetapakaa barazani kama msikitini. Na mkanda uliopendwa kuliko yote ulikuwa mmoja tu, ule tuliouita "vyumba thelathini na sita". The 36th Chamber of Shaolin, ya mwaka 1978, kampuni ya Shaw Brothers ya Hong Kong, ameiongoza Lau Kar-leung, steringi ni Gordon Liu na kipara chake. Sisi wakati huo majina hayo yote hatuyajui, tunajua "Kipara" na tunajua ile ngao yenye herufi SB mwanzoni, ikitokea tu watoto wote wanapiga kelele. Na tulikuwa tunasema ni picha ya karate. Karate ni ya Wajapani, kule Okinawa, hawa ni Wachina na kung fu yao, lakini nenda kamwambie mtoto wa Magomeni mwaka 97. Kila kitu chenye teke ni karate.

Ambaye hajaiona nimweleze haraka. Kijana anaitwa San Te (ndiye Kipara wetu), utawala wa Wamanchu, waliokuwa wanaitawala China enzi hizo, umewaua watu wake, anakimbilia hekalu la watawa la Shaolin akajifunze kupigana alipe kisasi. Sasa hapo ndipo picha inapokuwa tamu kwa namna ya ajabu, kwa sababu karibu nusu yake ni mafunzo tu, hakuna adui, hakuna kisasi, ni mtu anahangaika na kazi. Chumba cha kwanza si hata chumba cha ngumi, ni dimbwi la maji lenye magogo yanaelea na lazima uyaruke ndio ufike kwenye chakula, ukianguka unalowa na unaweza usikute kitu. Halafu kuna kile cha ndoo, kaka yangu alikipenda kuliko vyote: unapanda mlima na ndoo za maji mikono umeinyoosha pembeni, na kwenye mikono umefungiwa visu ncha zinatazama mbavu zako, ukichoka ukashusha mikono unajichoma mwenyewe. Kuna cha macho, unafuata taa inayobembea kwa macho tu, kichwa kisigeuke, maana kushoto na kulia ya uso kuna udi mkubwa unawaka. Kuna cha kupiga mifuko ya mchanga kwa kichwa. Hicho sisi tulikifanyia mazoezi kwenye gunia la mkaa la bibi, matokeo yake siyaelezi hapa.

Basi. San Te anamaliza vyumba vyote thelathini na tano. Kinabaki kikwazo kimoja, mtawa mmoja mkali mwenye visu viwili vifupi vipana, ambaye hamkubali. Wanapigana, San Te anashindwa. Anakwenda msituni anatafakari, anabuni silaha yake mwenyewe, fimbo ya vipande vitatu vilivyounganishwa kwa minyororo, anarudi, anasimama mbele ya yule mtawa, anaikunjua...

Chenga.

Chenga kama sekunde tano, mstari mweupe unapanda na kushuka, halafu vigelegele na tarumbeta na dada Mwana wa nyumba ya tatu anatoka ndani amevaa gauni jeupe, shela imenasa kwenye komeo la mlango na wifi yake anahangaika kuinasua.

Hiyo ndiyo picha tuliyokua nayo. Kila Jumapili. Ilifika mahali watoto tunajua na harusi kwa moyo, tunajua sasa hivi yule mzee wa kofia atapita mbele ya kamera azibe kila kitu, tunamwambia "mzee pitaa!" naye anapita. Ilitokeaje? Mpiga video alileta kanda ya harusi, kwa kina Mwana wakaja kwetu na deki ya kuazima ili na sisi tupate kopi, kanda mpya ni hela, mama akasema chukueni mojawapo ya hizo za watoto. Kila kanda ya VHS ina kile kiplastiki kidogo ubavuni, ukikivunja deki inakataa kurekodi juu yake. Cha kwetu kilikuwa kimevunjwa lakini mtu akaziba lile tundu kwa karatasi ya pipi na selotepu (karatasi bado ipo, nimeiona jana, ile ya pipi ya kijani) na hakuna aliyekumbuka kuirudisha kanda mwanzo. Ilikuwa imesimama pale pale umeme ulipokatika siku ya mwisho tulipoangalia. Wakabonyeza rekodi.

Kwa hiyo mimi nimeishi miaka saba bila kujua kama Kipara alimshinda yule mtawa. Na kitu kilichoniumiza kichwa zaidi, vyumba ni thelathini na tano, wanasema wenyewe, sasa cha thelathini na sita kiko wapi? Kaka akasema ni makosa ya Wachina. Mimi nikaamini cha thelathini na sita kiko upande wa pili wa harusi.

Mwaka 2004 nikaiona kwenye VCD Kariakoo, imepangwa chini na miziki ya dini. Waliokuwepo mnazikumbuka VCD, sahani moja inabeba dakika sabini na nne hivi, picha hii ni karibu dakika 115, kwa hiyo zinakuja mbili, na sahani ya pili siku zote ndiyo mbovu, sijui ni laana gani. Ya kwangu ilikwama dakika ya kumi. Nikapaka dawa ya meno, nikafuta kwa fulana kutoka katikati kwenda nje kama tulivyofundishana, ikasogea, na mwisho wa picha niliyoisubiri toka utoto nikauona kwa vimraba. Sura ya Gordon Liu imegawanyika kama vigae. Lakini nikajua! Alimshinda. Wakamwambia chagua usimamie chumba chochote, akasema nataka kuanzisha kipya, cha kuwafundisha watu wa kawaida huko nje, wakulima na mafundi, na hicho ndicho cha thelathini na sita. Nilibaki nimekaa tu. Miaka yote nilidhani ni picha ya kisasi kumbe ni picha ya mwalimu. Yule jenerali adui (ni Lo Lieh, mwenyewe alishakuwa steringi mkubwa kwenye King Boxer ya 1972) anapigwa vizuri tu mwishoni lakini ni kama kazi ya kumalizia.

Halafu miaka ikapita, binamu yangu anaishi Uingereza akaja likizo na sanduku. Sanduku zito la sahani za Blu-ray, la kampuni ya Arrow Video, la pili katika yale wanayoyaita Shawscope, lilitoka 2022, picha kumi na nne za Shaw ndani na kitabu, na Kipara wetu yumo. Mimi sina mashine ya Blu-ray ila jirani ana PlayStation, nayo inapiga. Sahani hizi huwa zinafungwa kwa maeneo ya dunia, ya eneo lingine mashine yako inaikataa, ila kwenye Blu-ray Afrika na Ulaya tumewekwa eneo moja, B, kwa hiyo hakuna longolongo. Kwenye DVD ilikuwa vingine, Ulaya namba 2, Hong Kong namba 3, sisi tukapewa namba 5, na mimi maisha yangu yote sijawahi kuishika DVD ya namba 5 dukani. Bahati deki za Kichina za bei rahisi haziulizi namba.

Jamani. Kwanza ni pana. Kumbe picha hizi zilipigwa kwa upana mkubwa, upana mara mbili na robo ya kimo na zaidi, na televisheni zetu zilikuwa za mraba mraba, kwa hiyo walikuwa wanakata pembeni. Piga hesabu, zaidi ya theluthi moja ya picha inatupwa. Ile mikanda yetu watu wawili wanaongea unaona pua ya huyu na pua ya yule na katikati meza. Miaka yote nimeona pua. Pale kwenye magogo nilikuwa najua kuna mtu na gogo, sasa naona dimbwi zima, naona wenzake wanavyopita kwa urahisi huku yeye anazama, na aibu yake ndiyo inaingia vizuri maana unaona wanaomuangalia.

Na rangi. Mkanda wetu ulikuwa kopi ya kopi ya kopi, kila ukikopi VHS nyekundu inavuja kama wanja uliolowa. Tena bora ule, maana baadhi ya mikanda iliyoletwa kutoka Marekani ilikuwa ya mfumo wao wa NTSC, ukiiweka kwenye TV zetu za PAL inatoka nyeusi na nyeupe, mimi nikadhani ni picha za zamani sana za kabla ya rangi. Na ujue kwamba kwa muda mrefu hakukuwa na kopi nzuri ya kununua hata kama una hela. Shaw Brothers katikati ya miaka ya 80 waliachana na sinema kwa sehemu kubwa wakageukia televisheni, makopo ya filamu wakayafungia stoo, watu duniani wakabaki wanazungusha za wizi. Mpaka mwaka 2000 kampuni ya Celestial ikanunua hazina yote, picha zaidi ya 760, ikaanza kuzisafisha, na DVD zikaanza kutoka Hong Kong Desemba 2002. Wakati mimi napaka sahani dawa ya meno, Hong Kong tayari wanauza safi.

Lakini sikia. Wazee wa picha hizi walilalamika kuhusu baadhi ya DVD hizo, kwamba sauti za ngumi zimebadilishwa, zimewekwa mpya za kisasa. Nawaelewa kabisa. Ule mlio, "pwah!", kama mtu anapiga godoro kwa ufagio, hauufuti. Kuna watu wanakazana eti lazima uangalie kwa Kichina cha Kimandarini ndio asilia, sawa, lakini studio ile enzi hizo ilikuwa inapiga picha bila sauti, sauti zote zikaingizwa baadaye, hata ya Kichina. Kwa hiyo huyo "asilia" naye kapachikwa mdomo. Mimi nimeweka Kiingereza kile cha zamani na sioni aibu.

Kaka alikuja kuangalia. Shikamoo, marahaba, akakaa, akaangalia nusu saa kimya, nikamuuliza vipi kaka, akasema "Nzuri. Ila hii siyo yenyewe, mdogo wangu." Nikamwambia hii ndiyo yenyewe, ile yetu ndiyo haikuwa yenyewe. Akasema "Harusi iko wapi?" Nikacheka lakini yeye hakucheka.

Ndio nikautafuta mkanda. Ulikuwa kwa mama, kwenye sanduku la bati pamoja na vitenge, umeshika ukungu kidogo pembeni. Kuna fundi mmoja Kariakoo anahamisha VHS kwenda flashi, ana deki tatu na kiyoyozi kibovu, akaufungua, akaupangusa, akaniambia usitegemee miujiza. Wiki nzima. Na jana ndio nimekaa nao, San Te amefifia rangi ya chai, pua na pua, magogo, ndoo, fimbo inakunjuliwa, chenga, vigelegele. Shela kwenye komeo. Mzee wa kofia kapita. Nikasema "mzee pitaa" peke yangu saa saba usiku. Na yule mzee ndio nikamtambua sasa, nikiwa mtu mzima, ni baba yake dada Mwana. Alifariki 2001. Anapita mbele ya kamera anarekebisha kofia, anageuka anaiuliza kamera kitu, anacheka. Utotoni tulimuona ni mzee anayeziba tu.

Nikakata kile kipande nikamtumia dada Mwana WhatsApp, nikaandika shikamoo dada, samahani kwa usiku huu. Kumbe kanda yao walishaipoteza walipohama, na yule mpiga video hajulikani alipo. Akakaa kimya muda mrefu, tiki za bluu tu. Halafu ikaja sauti, analia, ananishukuru, anasema amemuamsha mumewe na wanae wote wanamuangalia babu, mkubwa anasema babu anafanana na yeye. Akaomba nimtumie faili zima lisikatwe.

Nimemtumia lote. Asubuhi hii niko kwenye daladala, meseji yake inaingia: "Tumeangalia na ile ya mbele mpaka mwanzo wa harusi. Sasa huyu kipara alimshinda yule mwenye visu au?"

Nimeshamuandikia aje Jumamosi na watoto, PlayStation ya jirani nimeshaiomba.