Stakabadhi ya Kilo 118.5

Julai 2013 nilikuwa nakaa Soweto, Mbeya mjini. Nilikuwa nimekiandikia chama kimoja cha ushirika wa kahawa kule Mbozi programu ya kutoa stakabadhi za mzani: mkulima anapima, karani anaingiza kilo, printa inatoa karatasi. Niliijenga kwa Qt, laibrari iliyoanzia Norwei, yaani vipande vya programu vilivyokwisha andikwa ambavyo unajengea yako, maana kompyuta ya ofisi ilikuwa ya Windows na mimi natumia Linux. Ukiandika mara moja, kazi inaenda kote.

Wiki ya pili nilikuwepo pale ofisini alipoingia mama mmoja na stakabadhi mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimeleta magunia mawili. Humu mmeniandikia kilo 18."

"Ni 118 na nusu, mama."

"Hiyo mia iko wapi? Nionyeshe."

Nikaiinamia ile karatasi. Ile 1 ya mwanzo ilikuwa imejitenga, imeegemea mstari wa safu ya magunia. Kisha nafasi, ndipo 18.5. Herufi za jina lake nazo zilibanana huku, zikaachana kule. Printa ilikuwa nzima na wino ulikuwepo. Nafasi yenyewe haikufika hata milimita moja, lakini kwa mtu anayesubiri fedha ya msimu mzima, ilimmezea kilo mia. Niliona uchungu.

Usiku ule nilikaa na nyaraka za laibrari hadi nikalipata tatizo. Usipoiambia vingine, Qt huipimia karatasi kwa kipimo cha skrini, ili unachokiona kwenye kompyuta kifanane na kinachotoka. Skrini ilikuwa na nukta 96 kwa inchi, printa ina 600. Kwa hiyo kila herufi ilitafutiwa nukta ya skrini iliyo karibu, ikasogezwa huko, hata kama mahali pake halisi ni kati ya nukta mbili.

Nikabadilisha neno moja tu, laibrari itumie kipimo cha printa yenyewe. Asubuhi nikapeleka faili Mwanjelwa, kwenye duka la steshenari. Herufi zilitoka safi, nyororo, ila stakabadhi nzima ilikuwa imerundikana kwenye kona ya juu kushoto, maneno juu ya maneno! Ukubwa wa herufi nilikuwa nimeuandika kwa pointi, kipimo cha wachapaji, 72 kwa inchi, kwa hiyo haukubadilika. Mahali pa kuziweka nilikuwa nimepahesabu kwa nukta. Safu ya kilo ilikaa nukta 480 kutoka ukingoni: kwenye skrini ni inchi 5, kwenye printa haifiki hata inchi moja.

Nilikaa siku mbili nikigeuza kila kitu kuwa milimita: zidisha kwa nukta za printa kwa inchi, gawa kwa 25.4, milimita za inchi moja. Hata mistari ya jedwali, iliyokuwa ya nukta moja na sasa nyembamba kama unywele, niliipa unene wa milimita 0.3. Nukta za kifaa zisitumike kupimia karatasi. Hilo silibishani na mtu.

Niliporudi Mbozi, yule mama alipitisha ukucha chini ya tarakimu, taratibu, moja moja. "Mia moja kumi na nane na nusu." Akakunja karatasi, halafu akatoa nyingine tatu za mizani ya nyuma.

"Na hizi?"

Nikamwomba karani anipishe kiti. Tukazichapa upya zote, zake na za wenzake wote tangu siku ya kwanza, mpaka ofisi ikafungwa.